Thadei Kinunda, Aliyemlea Mwanawe kwa Barua

Baba Paroko, Mama yangu Eusebia, dada yangu Bridget, wazee wa jumuiya, majirani wa mtaa wetu, mliofanya kazi na marehemu, ndugu na marafiki mliofika leo Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2008 hapa Lewisham kumsindikiza baba yangu, mimi naitwa Fortunatus Kinunda, ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na ndiye niliyepewa na familia kazi ya kusoma historia yake.

Kamati ya mazishi, ambayo naishukuru kwa viti, kwa chai na kwa mengine mengi, ilinikabidhi juzi ukurasa mmoja uliokwisha kuchapwa, kwa Kiingereza, ikaniomba niusome kama ulivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Nimeusoma mara mbili. Ndani yake Baba amezaliwa, amekuja Uingereza, amefanya kazi, ameumwa, amekufa, utadhani ni abiria aliyekaa kituoni akisubiri treni yake. Hakuna neno kuhusu miaka kumi na miwili aliyoishi hapa bila karatasi, hakuna neno kuhusu mimi kupelekwa Tanzania, na hakuna neno kuhusu barua. Nimeurudisha kwa mwenyekiti jana, kwa adabu zote, na hii mnayoisikia nimeiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, na wenzangu mliozaliwa hapa mtanivumilia, mtauliza wazazi wenu mkifika nyumbani.

Najua pia yanayosemwa. Tangu siku ya msiba nyumba yetu imejaa watu, na jikoni kwetu sufuria si kitu pekee kilichokuwa kinachemka. Wapo wanaosema Thadei alimtupa mwanawe Afrika akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na wapo wanaosema mwanawe naye amelipiza, amemkatia baba yake tamaa kitandani hospitalini. Mimi ndiye huyo aliyetupwa, na ndiye huyo aliyekata tamaa, nimesimama mbele yenu, na nitayajibu yote mawili kila moja mahali pake, kuanzia kuzaliwa.

Marehemu Thadei Kinunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Litembo, Mbinga, kusini mwa Tanzania, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto tisa wa Mzee Alois Kinunda na Bibi Teodosia Ndunguru, wote marehemu. Alikulia milimani, katika mashamba ya ngoro, yale mashimo ambayo Mmatengo huyachimba kwenye mteremko ili mvua isiondoke na udongo, na ambayo kabla ya kuyachimba hukata nyasi, akazipanga, akazifukia chini, hazichomi. Alikulia pia kwenye sengu, na hili lazima nilieleze, maana bila sengu historia hii haieleweki. Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, kila jiko linaleta chakula chake, na wakishanawa mikono mambo ya ukoo husemwa palepale, nani kakosana na nani, shamba la nani limejaa magugu, mtoto wa nani anaharibika. Siri hakuna. Anayeficha jambo sengu ikalijua kwa mlango mwingine, ole wake.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1956, akaendelea na masomo ya kati, na akamaliza kidato cha nne huko Peramiho mwezi Novemba 1967, akiwa wa pili katika darasa lake, jambo ambalo alilikumbuka kwa uchungu hadi mwisho kwa sababu aliyekuwa wa kwanza, kwa maneno yake, alikuwa mvivu mwenye bahati. Mwaka 1969 aliajiriwa kama karani katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, akapanda hadi kuwa mhasibu, na tarehe 12 Septemba 1987 chama kilimleta hapa London kusomea uendeshaji wa vyama vya ushirika.

Alikuwa amefunga ndoa takatifu na Eusebia Nombo tarehe 6 Agosti 1983, katika kanisa la Litembo, mvua ikinyesha kutwa nzima, na Mama anasema Baba alimwandikia barua za posa nne kabla ya kuthubutu kumsalimia kwa mdomo. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi Fortunatus niliyezaliwa Mbinga tarehe 3 Februari 1985, na Bridget aliyezaliwa hapa London tarehe 19 Mei 1991. Mama nami tulimfuata Baba mwaka 1989, tukaishi Stratford, vyumba viwili juu ya duka la mazulia.

Sasa tufike pale ambapo ukurasa wa kamati uliruka. Masomo yalikwisha, visa ikaisha Septemba 1990, chama kilichomtuma kikawa kimevunjika na kiti chake hakipo tena, na Baba akabaki. Hakuomba hifadhi, kwa sababu hakukuwa na mtu anayemfukuza nchini kwake, na hakutaka kutunga hadithi ya mateso ambayo wengine waliyapata kweli. Alibaki tu, bila karatasi, akifanya kazi. Naona baadhi yenu mnatazama sakafu. Msitazame sakafu, mtazameni Baba hapo mbele, hana tena la kuogopa, na wengi wenu humu mnayajua maisha hayo kuliko ninavyoyajua mimi.

Kazi ilitoka kwa mtu mmoja, naye ni Bwana Gurdial, yule mzee mwenye kilemba cha bluu aliyeketi karibu na nguzo, mzaliwa wa Tabora, ambaye alikuwa na gereji na stoo ya vipuri vya magari kule Harrow. Baba aliingia pale mwaka 1991 kuulizia kazi ya kufagia, akasikia mtu anamgombeza fundi kwa Kiswahili cha Tabora, akajibu kwa Kiswahili, na kuanzia hapo akawa mtunza stoo wake kwa miaka kumi na sita. Bwana Gurdial hakumuuliza pasipoti, alimuuliza kama anajua kupiga hesabu.

Mimi nilikuwa mtoto mtundu, sitajipaka manukato. Nilipoingia sekondari mwalimu mmoja, shule yenyewe siitaji, alimwambia Baba kwamba mtoto huyu abahatike tu kujua kusoma ramani ya basi, na leo ninatengeneza mitambo ya ishara za reli, treni iliyowaleta baadhi yenu hapa imesimama na kwenda kwa taa ninazozishughulikia. Lakini kipindi kile mwalimu hakuwa mbali sana na ukweli. Jumanne tarehe 14 Oktoba 1997, mimi na wenzangu watatu tulikamatwa na chokoleti za dukani mifukoni, tukapelekwa kituo cha polisi, tukaambiwa kila mmoja achukuliwe na mzazi. Wazazi wa wenzangu walikuja. Mimi nilikaa kwenye benchi kwa saa tano, nikitazama mlango, na aliyeingia mwishowe alikuwa Bwana Gurdial, ametoka Harrow kwa treni, akamwambia askari kwamba yeye ni mjomba wangu. Askari akatazama kilemba, akanitazama mimi. Weee! Bwana Gurdial akanigeukia akaanza kunikaripia kwa Kiswahili, akanitaja mimi, babu yangu, ukoo wangu na siku niliyozaliwa, kwa muda mrefu na kwa uchungu wa kweli, hata askari akamwomba atie sahihi upesi waondoke.

Nilifika nyumbani nikamkuta Baba amekaa, amevaa koti, na viatu amevifunga. Alikuwa amevivaa tangu simu ilipopigwa, akaenda hadi kona ya barabara ya kituo, akarudi, akaenda tena, akarudi, kwa sababu mtu asiye na karatasi akiingia kituo cha polisi kumtoa mwanawe huenda asitoke yeye. Hayo niliyajua mwaka na nusu baadaye. Siku ile nilichokijua ni kwamba wenzangu walichukuliwa na baba zao na mimi wangu hakuja, na sikumsalimia kwa wiki nzima.

Baba aliamua wiki hiyohiyo. Aliona kwamba baba asiyeweza kuingia kituo cha polisi hawezi kumlea mtoto wa kiume katika mji huu, kwamba siku moja haitakuwa chokoleti, na kwamba Litembo kuna wanaume kumi na mmoja wa damu yake wanaoweza kuingia mlango wowote wakadai mtoto wao. Tarehe 3 Januari 1998 nilipanda ndege nikiongozana na sista mmoja wa misheni, na Baba aliniaga mlangoni pa nyumba yetu, hakunisindikiza uwanja wa ndege, kwa sababu mnayoijua. Alijua pia kwamba nikishatoka sina njia ya kurudi, na yeye hana njia ya kunifuata, hadi Mungu atakapotaka. Mama alilia hadi sauti ikakauka. Jumuiya ikasema Thadei amemtupa mtoto. Jumapili iliyofuata Baba alitoka misani, akaketi mezani na karatasi, akaanza kuandika.

Aliandika kila Jumapili kwa miaka mitano. Zilizonifikia ni barua mia mbili arobaini na tisa, ninazo zote, na anayesema nilitupwa nitamfungulia sanduku asome moja baada ya moja, tutaona kama atazimaliza kabla ya Pasaka. Shule yangu ilikuwa ya bweni, ya mapadri, mwendo wa nusu siku kutoka Litembo, lakini Baba hakuzituma barua shuleni. Alizituma kwa kaka yake mkubwa, Baba Mkubwa Hyasinti, ili zisomwe kwanza kwenye sengu, kwa sababu kwetu shauri la mtoto si la mzazi mmoja. Zilisomwa kwa sauti wanaume wakiwa wamekula, wakazijadili, wakaongeza yao pembezoni, ndipo nikaletewa mimi, zikiwa na alama za vidole na mchuzi wa maharage. Baba alikuwa ameandika kwamba nisione haya kuwa wa mwisho darasani muhula wa kwanza, ila nione haya nikiwa wa mwisho muhula wa tatu, na chini yake Baba Mdogo Kosmas ameongeza kwamba wamesikia ninabagua maharage, niache mara moja, London imebaki London. Baba ameandika nimwamkie mpishi kabla ya mkuu wa shule, na mwingine ameongeza kwamba mpishi mwenyewe ni shemeji yao. Barua zangu za kujibu zilirudi kwangu zimejaa wino mwekundu, masahihisho ya London kwa mwandiko mmoja na masahihisho ya Litembo kwa mwingine. Jamani, hakuna mtoto duniani aliyesimamiwa namna ile. Nilizichukia barua hizo, na Jumatano, siku ya kuletewa, zilipochelewa kufika nilikosa raha siku nzima.

Mashauri yake mengi yalikuwa ya kawaida, soma, sali, fua shuka zako, usikope kitabu ukakirudisha kimekunjwa. Moja nitalisoma lilivyo, barua ya Septemba 1998, nilipomwandikia kwamba nimempiga mtu aliyeniita Mzungu wa mkaa. Aliandika hivi. "Umefanya vibaya na ninakuelewa. Mmatengo hachomi nyasi za shamba lake, anazifukia, na mwaka unaofuata mahindi yanaota juu yake. Hasira yako usiichome ikaisha siku moja na moshi wake. Ifukie uipandie kitu. Ukiwa wa kwanza kwa Kiswahili, huyo kijana atakuita jina gani?" Nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili mwaka uliofuata, na kijana yule alisimamia harusi ya binamu yangu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo barua zake hazikuligusa, kwa nini haji. Kila mwaka aliandika kwamba hana likizo. Mwezi Machi 1999, nikiwa na miaka kumi na minne, niliambiwa nitapata kipaimara Jumapili tarehe 20 Juni, na wazazi wa wenzangu walikuwa wanakuja hata kutoka Dar es Salaam, siku mbili barabarani. Nilimwandikia Baba mistari miwili, bila shikamoo. Nilisema kwamba asipokuja kwenye kipaimara changu asiniite mwanawe tena, na kwamba hiyo ni barua yangu ya mwisho.

Baba alijibu tarehe 18 Aprili. Kwa mara ya kwanza aliandika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, kwamba barua ni ya Fortunatus peke yake. Ndipo likatokea kosa ambalo ni ukoo wetu tu ungeweza kulifanya. Sengu ilipoiona bahasha ile ikasema hakuna barua ya mtu peke yake, huyu Thadei amekaa sana na Wazungu, ikafunguliwa, ikasomwa kwa sauti mbele ya wanaume kumi na mmoja na bakuli zao. Ndani yake Baba alikuwa ameandika kwamba likizo anazo, alichokosa ni karatasi, kwamba akitoka Uingereza hatarudi na mama yangu na Bridget watabaki peke yao, kwamba siku ya kituo cha polisi alifika kona mara saba, na kwamba amenidanganya kwa sababu aliona aibu, mwana asimjue baba yake ni mtu wa kujificha. Aliandika kwamba kama bado sitaki kuwa mwanawe, yeye hana uwezo wa kunizuia, ila ataendelea kuandika kila Jumapili kwa sababu hajui namna nyingine ya kuwa baba.

Nyumbani walikuwa wanaamini Thadei ni ofisa mkubwa London. Niliambiwa kwamba msomaji alipofika mwisho hakuna aliyenyoosha mkono kwenye chakula, na Baba Mkubwa Hyasinti alitoka nje akakaa huko muda mrefu. Walipokaa tena pamoja hawakuificha barua wala hawakuichana, waliifunga upya kwa ugali uliopoa, maana gundi hawakuwa nayo, wakanitumia, na chini kabisa wameongeza mstari mmoja tu, tumeisoma na tunakuja, wakatia sahihi wote kumi na mmoja, watatu kwa dole gumba.

Na walikuja. Walipanda lori la kahawa, lori likakwama, wakashuka wakatembea, wakafika kanisani misa imeanza, makoti yamejaa vumbi, wazee wawili wakitembelea fimbo. Kila mtoto alikuwa na msimamizi mmoja anayemwekea mkono begani. Jina langu lilipoitwa walisimama wote. Baba Askofu akauliza msimamizi ni yupi, na Baba Mkubwa Hyasinti akajibu mbele ya kanisa zima kwamba baba wa mtoto huyu amezuiliwa na serikali ya watu, kwa hiyo imekuja nyumba nzima kushika nafasi yake. Baba Askofu alicheka hadi kofia ikasogea, akangoja mpaka mkono wa kumi na moja ulipofika. Wengine hawakunifikia, waliwekeana mikono wao kwa wao, kama behewa na behewa. Nilipakwa mafuta nikilia kwa sauti kama mtoto mchanga, na jioni ile niliandika barua kwa Baba, nikaanza na shikamoo. Ule mstari wangu wa kumkana sikuutaja, na yeye maisha yake yote hakuutaja. Sikuwahi kumwomba radhi kwa mdomo.

Siri iliyosomwa kwenye sengu haikai Litembo. Kufikia Novemba 1999 habari ilikuwa imerudi London, na katika mkutano wa jumuiya yetu, ukumbini kule Stratford, ambapo Baba alikuwa katibu, mjumbe mmoja alisimama akasema haifai katibu awe mtu asiye na karatasi. Wengine walicheka. Baba alisimama, akasema ni kweli hana, hajawahi kumdanganya mtu ila mwanawe, naye amekwisha kumweleza ukweli, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kumtishia. Kisha akaketi, akaiandika hoja hiyo mwenyewe kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la mtoa hoja, akaomba zithibitishwe. Thubutu! Hakuna aliyethubutu. Mjumbe yule yupo humu leo, alileta shada zuri la maua, nami ninamshukuru, lakini kumbukumbu ninazo. Mwezi uliofuata familia ilihama kimyakimya ikaja Lewisham, maana ujasiri ni ujasiri na simu ya kukuchongea ni simu.

Septemba 2001 Baba alitimiza miaka kumi na minne katika nchi hii, na kwa sheria ya wakati ule mtu aliyekaa hivyo aliruhusiwa kuomba ukaazi. Alipewa tarehe 11 Juni 2002. Aliniombea mimi kabla sijatimiza miaka kumi na minane, na tarehe 9 Januari 2003 nilitua Heathrow, nimemaliza kidato cha nne kwa daraja la kwanza, ninamzidi Baba kichwa kizima. Alikuja uwanjani. Alisimama mbele kabisa ya kizuizi, chini ya ile kamera ya ulinzi, ameinua uso makusudi. Tulishikana mikono kama maofisa wawili, tukapanda treni hadi Lewisham.

Na hapa nitasema ukweli mwingine ambao si wa kumpamba. Baba hakujua kuzungumza na mimi. Miaka mitano ya kuandika ilimfanya hodari wa kuandika, na mdomo ulibaki nyuma. Baada ya wiki mbili za kupishana kwenye ngazi, barua ilianguka mlangoni kwetu, ina stempu, ina muhuri wa posta, imeandikwa na Baba ghorofani na kutumwa kwangu chumba cha chini. Nilimjibu vivyo hivyo. Mama alisema amechoka kuishi posta, Bridget alisema kwa Kiingereza chake kwamba sisi wawili ni wagonjwa, na tukaendelea. Desemba 2003 alikwenda Litembo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na sita, akaketi kwenye sengu, wakamwambia leo umefika, basi sema kwa mdomo, akashindwa, akalia, wakala naye hivyohivyo.

Mwezi Agosti 2007 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza, na Oktoba madaktari waligundua saratani ya koo. Tarehe 22 Januari 2008 alifanyiwa upasuaji uliofanikiwa kwa muda, lakini ukaondoka na sauti yake. Watu walikuja kumpa pole kwa kupoteza sauti. Baba alicheka bila mlio, akaandika kwenye daftari kwamba ugonjwa umeiba chumba kisichokuwa na kitu. Mwezi Juni ugonjwa ulirudi, Agosti akalazwa, na kuanzia hapo hali ilishuka.

Jumapili tarehe 7 Septemba alinikabidhi bahasha kitandani. Nimebeba barua mia mbili na zaidi za mashauri yake, hii ilikuwa ya kwanza yeye kuomba shauri. Naisoma. "Fortunatus, daktari anasema upo upasuaji mwingine, na hajanificha kwamba matumaini ni madogo sana. Jumuiya wananiambia nipigane. Mama yako ananishika mkono. Nimechoka, lakini sitaki isemwe kwamba nimewakimbia. Nimekushauri tangu ukiwa mdogo, sasa nishauri wewe. Nifanye nini?"

Nilikaa nayo siku mbili. Wanaotaka kujua nani alimkatia Thadei tamaa, wasikilize, hili ndilo jibu langu neno kwa neno. "Baba, shikamoo. Uliposhindwa kuja nilidhani hutaki, na nilikosea, nikakuandikia neno ambalo linaniuma hadi leo. Sitakosea mara ya pili. Nikikuona umechoka sitasema hutaki. Usikubali kisu kingine kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya maneno ya watu. Hukunitupa ulipobaki huku, na hutakuwa umenitupa ukienda. Shauri langu ni upumzike. Mimi mwanao, Fortunatus."

Aliisoma mara tatu. Akaniwekea mkono begani, wa kwake mwenyewe, akauacha pale hadi muuguzi alipokuja. Daktari alimuuliza yeye, hakuniuliza mimi, na ni yeye aliyeandika kwa mkono wake kwamba hataki upasuaji. Alifariki dunia Ijumaa tarehe 26 Septemba 2008, saa nne asubuhi, mkono mmoja umeshikwa na Mama na mwingine na Bridget, akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha mjane, watoto wawili, na ndugu saba wa ukoo waliobaki katika wale kumi na mmoja, ambao usiku wa kuamkia leo wamekaa sengu kwa ajili yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kumwambia ukweli, Baba Paroko aliyemletea sakramenti, Bwana Gurdial na wafanyakazi wote wa stoo ya Harrow, majirani wa pande zote mbili za nyumba yetu ambao hawakuelewa tunachoimba na bado walileta chakula, kamati ambayo nimeiudhi leo na itanisamehe kesho, na kila mmoja wenu kwa nafasi yake, pamoja na mliosema, maana nanyi mmekuja.

Baba, shauri nililokupa kwa bahasha ninalirudia kwa mdomo, mbele ya watu wote, na asiyelipenda aje kwangu, asikusumbue wewe. Pumzika. Pumzika kwa amani.